Kutoa taarifa nyeti nje ya mfumo bila kumwanika mtu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa afisa takwimu wa wilaya, mhasibu wa SACCOS, karani wa masjala, mtafiti, na yeyote anayeambiwa na bosi "nitumie lile faili kabla ya saa sita". Maswali haya yanarudi kila mara, na mengi huulizwa baada ya faili kwenda. Karibu yote yana mzizi mmoja: faili linakumbuka mambo mengi kuliko yale unayoyaona kwenye skrini.

## Ya msingi

1. Taarifa nyeti ni zipi hasa?

Anzia kwenye sheria. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Inataja vinasaba, taarifa za watoto, makosa ya jinai, miamala ya fedha ya mtu, alama za mwili kama za vidole, afya, asili au kabila, imani ya dini, itikadi ya siasa na uanachama wa chama cha wafanyakazi. Sheria ya Kenya ya 2019 ina mambo ambayo wengi hawayatarajii: mali ya mtu, hali yake ya ndoa, na majina ya watoto, wazazi na mwenzi wake. Kwa hiyo karani wa Nairobi anayetoa orodha yenye safu ya "ameoa/hajaoa" tayari ameshika data nyeti, hata kama orodha yenyewe ni ya wanaogawiwa sare.

Lakini usiishie kwenye orodha ya sheria. Anwani ya nyumba ni kitu cha kawaida, mpaka iwe ya mwanamke aliyemkimbia mume anayempiga. Jiulize: nani angefurahi kulipata faili hili, na angelifanyia nini?

2. Si salama zaidi kukataa tu kutoa?

Kwako, labda. Kwa wananchi, hapana. Tanzania na Kenya zote zilipitisha sheria ya haki ya kupata taarifa mwaka 2016, na ofisi ya umma inayojibu kila ombi kwa neno "siri" inazivunja. Na kuna hasara isiyoandikwa popote: kata ambayo haikuambiwa kuwa kipindupindu kimeingia inaendelea kuchota maji pale pale. Kinachotakiwa ni kujua kutoa, na ndiyo maana maswali yanayofuata ni mengi.

3. Nikishafuta majina, si inatosha?

Haitoshi, na hili limejulikana kwa muda mrefu. Mwaka 1997 Latanya Sweeney, wakati huo mwanafunzi wa MIT nchini Marekani, alipata data za matibabu za wafanyakazi wa serikali ya jimbo la Massachusetts. Majina yalikuwa yameondolewa, lakini tarehe ya kuzaliwa, jinsia na msimbo wa posta vilibaki. Akanunua daftari la wapiga kura la mji wa Cambridge kwa dola 20, akaoanisha. Gavana wa jimbo, William Weld, aliishi mji huo. Wapiga kura sita walizaliwa tarehe moja naye, watatu kati yao wanaume, na mmoja tu alikuwa na msimbo wake wa posta. Rekodi za hospitali za gavana zikawa zimepatikana.

Kwetu hakuna haja ya daftari la dola 20, kuna majirani. "Mwanamke, miaka 51, mkuu wa shule" katika kata yenye sekondari moja ni sawa na kuandika jina lake kwa herufi kubwa. Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania, nayo si namba tupu: tarakimu nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa ya mwenye namba. Ukizibakiza ukidhani umeficha zilizobaki, umetoa kile kile ambacho Sweeney alikihitaji.

Kabla ya kutoa jedwali, angalia safu zake kwa pamoja. Umri peke yake hauna neno, kazi peke yake haina neno, kijiji peke yake hakina neno. Vikikaa kwenye mstari mmoja ni mtu.

4. Tumeweka namba badala ya majina. Je, hiyo ni data isiyo na mwenyewe?

Bado ina mwenyewe, maadamu kuna daftari mahali fulani linalosema namba 0417 ni nani. Mwite mgonjwa kwa namba ukitaka kazi iendelee ndani ya ofisi, ila usiseme "tumeondoa utambulisho". Namba ziwe za kubahatisha, zisifuate herufi za majina wala tarehe ya kujiandikisha, na daftari la kuoanisha lifungiwe kwingine.

Wapo wanaotumia heshi, ile hesabu inayogeuza neno kuwa mlolongo wa herufi na tarakimu ambao hauwezi kugeuzwa tena kuwa neno. Ni mtego. Mwaka 2014 jiji la New York lilitoa data za safari milioni 173 za teksi zilizofanyika mwaka uliotangulia, namba za teksi zikiwa zimefichwa kwa heshi ya MD5. Namba za teksi za huko ni fupi na zina muundo unaojulikana. Mtaalamu mmoja alitengeneza zote zinazowezekana, akazipigia heshi, akalinganisha. Kazi ilimchukua saa chache. Wengine wakachukua picha za wasanii wakipanda teksi, wakajua walishuka wapi na walilipa nauli kiasi gani.

Sasa fikiria namba za simu za Tanzania. Zinaanza na 06 au 07, zikifuatwa na tarakimu nane: jumla ni milioni 200. Kompyuta ya kawaida inazipigia zote heshi kabla chai yako haijapoa.

## Nyaraka: PDF, Word na picha

5. Nimechora boksi jeusi juu ya jina kwenye PDF. Limefichika?

Limefunikwa tu, kama meza iliyotandikwa kitambaa. Maneno bado yako chini yake. Yeyote anaweza kuyachagua, akayanakili na kuyabandika kwenye ukurasa mtupu.

Si kosa la wanagenzi peke yao. Tarehe 8 Januari 2019 mawakili wa Paul Manafort, aliyewahi kuongoza kampeni ya Donald Trump, waliwasilisha waraka mahakamani ukiwa na maboksi meusi. Waandishi wa habari walinakili na kubandika, na kilichokuwa chini kikasomeka: waendesha mashtaka walidai kuwa Manafort alimpa mshirika wake, Konstantin Kilimnik, data za kura za maoni. Ilikuwa habari ya dunia nzima siku hiyo hiyo.

Njia sahihi ni kuondoa maneno kwanza, kisha kutengeneza PDF. Rudi kwenye waraka wa asili, hifadhi nakala yake, na kwenye nakala hiyo futa jina na uandike neno moja lile lile kila mahali, kwa mfano IMEZIBWA. Ndipo utengeneze PDF mpya kutoka kwenye nakala. Kama waraka wa asili haupo, tumia programu yenye kifaa maalumu cha kuziba kinachofuta maandishi yenyewe. Kisha jijaribu kama adui: fungua faili la mwisho, chagua kila kitu, nakili, bandika kwenye Notepad, usome. Tafuta pia kila jina uliloziba kwa kitufe cha kutafuta.

Kwa nini neno moja lile lile? Kwa sababu urefu wa boksi nao unasema. Kama wanaoshukiwa ni Ali na Mwanahamisi, boksi fupi limeshajibu swali.

6. Waraka wa Word una hatari gani?

Historia yake. Oktoba 2005 ripoti ya Umoja wa Mataifa kuhusu kuuawa kwa Rafik Hariri, waziri mkuu wa zamani wa Lebanon, iliyoandaliwa chini ya Detlev Mehlis, ilisambazwa kama faili la Word likiwa na ufuatiliaji wa mabadiliko ndani yake. Kwenye toleo la wazi paliandikwa "maafisa waandamizi". Waliolifungua faili waliyaona majina yaliyokuwa yamefutwa, likiwemo la ndugu yake Rais wa Syria. Miaka miwili kabla yake, waraka wa ofisi ya Waziri Mkuu wa Uingereza kuhusu Iraq nao ulitolewa kwa Word, na ndani yake ikakutwa kumbukumbu ya majina ya maafisa walioushika.

Kubali au kataa mabadiliko yote, futa maoni ya pembeni, kisha tumia kifaa cha Word cha kukagua waraka, kinachoondoa jina la mwandishi na vitu vilivyofichwa. Halafu toa PDF. Ni nadra sana mtu wa nje kuhitaji Word yenyewe.

7. Picha je? Nimekata sehemu yenye jina, au nimeifanya ukungu.

Kukata picha ndani ya Word au PowerPoint hakuiondoi sehemu iliyokatwa, na anayepokea anaweza kuirudisha. Hata simu zimewahi kutudanganya: mwaka 2023 iligundulika kuwa kifaa cha kuhariri picha za skrini kwenye simu za Google Pixel kiliacha mabaki ya picha ya awali ndani ya faili baada ya kukata. Hitilafu hiyo ilikuwa imekaa miaka kadhaa, na picha zilizokuwa zimeshatumwa zilibaki hivyo hivyo.

Ukungu na vile viboksi vya mraba ni dhaifu kuliko vinavyoonekana, hasa juu ya tarakimu. Namba ya akaunti ina tarakimu kumi tu za kujaribu kila nafasi. Weka rangi moja nzito isiyopitisha mwanga, kisha piga picha ya skrini upya na utume hiyo.

Halafu kuna mahali ilipopigwa. Desemba 2012 John McAfee, mwanzilishi wa kampuni ya programu za kuzuia virusi, aliyekuwa akitafutwa na polisi wa Belize, alipigwa picha na waandishi waliokuwa naye mafichoni. Picha iliwekwa mtandaoni ikiwa na vipimo vya GPS ndani yake, na dunia ikajua kuwa yuko Guatemala. WhatsApp huondoa vipimo hivyo ukituma kama picha. Ukituma kama "waraka" ili isipoteze ubora, vinakwenda navyo.

8. Je, nikichapisha, nikapaka wino, nikaskani?

Mzee wa masjala akikuambia hivyo usimcheke, maana njia yake inaua historia yote ya faili kwa pigo moja. Ila wino wa kalamu nene huonyesha herufi karatasi ikielekezwa kwenye taa, na skana nzuri huziona. Piga fotokopi ya karatasi iliyopakwa, kisha skani fotokopi. Ubaya wake ni kwamba asiyeona anayetumia programu ya kusomewa hatausoma waraka huo, na majedwali hayatatumika kwa hesabu.

## Excel

9. Nimeficha safu na shiti zenye majina. Kuna shida?

Hapa ndipo watu wengi zaidi wanapoumia, na ndilo swali ninaloomba ulisome mara mbili.

Tarehe 8 Agosti 2023 polisi wa Ireland Kaskazini walijibu ombi la kawaida la mwananchi: wana maafisa wangapi wa kila cheo? Jibu lilikuwa jedwali la namba. Lakini faili la Excel lilibeba shiti ya pili iliyofichwa, yenye majina ya ukoo, herufi za mwanzo za majina, vyeo na idara za maafisa na wafanyakazi wote, watu 9,483. Lilikaa wazi kwenye tovuti kwa muda usiozidi saa tatu. Katika nchi ambako polisi hukagua chini ya gari kabla ya kuliwasha, wakihofia bomu, hizo ni saa nyingi. Oktoba 2024 jeshi hilo lilitozwa faini ya pauni 750,000.

Mwaka mmoja na nusu kabla ya hapo, Februari 2022, ofisa wa Wizara ya Ulinzi ya Uingereza alituma kwa barua pepe faili aliloamini lina mistari kama 150. Lilikuwa na taarifa za karibu Waafghani 19,000 walioomba kuhamia Uingereza kwa kuhofia Taliban. Serikali ilipata amri ya mahakama iliyozuia hata kutaja kwamba amri hiyo ipo, na umma haukujua lolote mpaka Julai 2025.

Katika visa vyote viwili hakuna mdukuzi. Kuna mtu aliyechoka, faili lililotumika tena na tena, na kitufe cha "ficha". Kuficha na kuchuja hupunguza unachokiona wewe, na mpokeaji anapata vyote.

10. Sisi tunatuma jedwali la muhtasari tu, lile la pivoti. Hilo lina jumla peke yake.

Jaribu kubofya mara mbili namba yoyote ndani yake. Mara nyingi itafunguka shiti mpya yenye mistari ile iliyozaa jumla hiyo, majina na yote, hata kama shiti ya data uliifuta. Pivoti hutunza nakala yake yenyewe. Halmashauri ya Islington, London, ilitoa taarifa za wakazi 2,375 kwa njia hii mwaka 2012 na kutozwa pauni 70,000.

Chati ina tabia hiyo hiyo. Ukiinakili kutoka Excel na kuibandika kwenye Word au PowerPoint, inaweza kubeba kitabu kizima cha Excel nyuma yake. Niliwahi kupokea mada ya mafunzo yenye mchoro mmoja wa mishahara kwa ngazi. Nikabofya kulia kuona takwimu, nikaona mshahara wa kila mtu, wa mtoa mada akiwemo. Nilimpigia simu. Alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza nani mwingine ameshaifungua.

11. Basi Excel itumwe vipi?

Usisafishe faili la zamani. Anzisha jipya. Nakili mistari na safu zinazohitajika tu, bandika kama thamani bila fomula, kisha hifadhi kama CSV. CSV ni maandishi matupu, haina shiti ya pili, haina pivoti, haina pa kufichia kitu. Ifungue kwa Notepad uisome kabla haijatoka. Angalia na ukubwa: jedwali la mistari 40 halitakiwi kuwa na megabaiti 6.

Na mtu wa pili aangalie. Aliyelitengeneza faili anaona alichokusudia, na macho mageni huona kilichomo.

12. Kuna safu ya "maelezo" ambayo watoa huduma huandika wenyewe. Tuiache?

Iondoe. Agosti 2006 kampuni ya AOL ilitoa kwa watafiti takriban maswali milioni 20 yaliyoandikwa na watumiaji 650,000 hivi kwenye mtambo wake wa kutafutia, majina yakiwa yamegeuzwa namba. Ndani ya siku chache gazeti la New York Times lilimpata mama mmoja wa jimbo la Georgia kwa kusoma alichokuwa akitafuta: watu wenye jina la ukoo wake, mafundi wa bustani wa mji wake, maradhi yaliyomsumbua. Mtu akiandika kwa maneno yake, hujitaja.

Na wanaoandika kumhusu humtaja pia. "Mke wa mchungaji wa pale chini, kaja usiku" haina jina hata moja. Kama mtafiti anahitaji maudhui ya maelezo hayo, yasomwe na kupangwa kwa makundi ndani ya ofisi, kisha makundi ndiyo yatoke.

## Takwimu na ramani

13. Tukitoa jumla za kata, hakuna jina wala mstari wa mtu. Bado kuna hatari?

Jumla zikiwa ndogo, ndiyo. "Vijana wenye VVU, kata fulani: 2" inawatosha watu wa kata hiyo. Ofisi nyingi hujiwekea kiwango, chini ya 5 au chini ya 10, ambacho hakichapishwi. Namba yenyewe si ya uchawi. Ugonjwa wenye unyanyapaa unataka kiwango cha juu kuliko idadi ya vyandarua.

Ila kuweka alama ya kistari hakutoshi. Tuseme wilaya ina kata nne: 40, 18, — na 22, na chini yake "jumla 83". Mtoto wa darasa la tano atakupa ile namba ya tatu. Ziba na kata nyingine moja, au zungusha zote kwenye tano iliyo karibu pamoja na jumla, au ondoa jumla. Kosa hili linapita kwa wakaguzi kwa sababu kila mmoja hukagua seli moja moja.

Miezi nayo hutoana. Ripoti ya Machi ikisema 83 na ya Aprili 84, na kijiji kizima kinajua ni familia ipi iliyohamia Aprili, umeshamtaja mtu.

14. Kila kundi letu lina watu wengi kuliko kiwango. Tumemaliza?

Angalia kama wote ndani ya kundi wana jibu moja. Wanawake sita wa miaka 30 hadi 34 wa mtaa mmoja wanaonekana wamejificha kwenye wingi wao. Kama wote sita wamewekwa chini ya ugonjwa ule ule, ninayemjua mmoja wao sina haja ya kujua mstari wake ni upi.

15. Tunataka kuonyesha kwenye ramani. Nukta ziwekwe wapi?

Si palipo nyumba. Tafiti za afya na demografia, zile zinazofanyika Tanzania, Kenya na kwingine kwa mfumo mmoja wa DHS, zina njia inayofaa kuigwa. Vipimo vya GPS vya eneo la sampuli husogezwa kwa kubahatisha kabla ya kutolewa: mijini hadi kilomita 2, vijijini hadi kilomita 5, na asilimia 1 ya maeneo ya vijijini hadi kilomita 10. Mijini wanasogeza kidogo kwa sababu watu wamesongamana, na vijijini nyumba tatu tu huweza kujaza kilomita nzima. Mtafiti anayepima umbali hadi zahanati hapati shida kubwa, na anayetafuta nyumba haipati.

Wingi wa nukta hauwafichi watu palipo peupe. Mwishoni mwa 2017 kampuni ya Strava, yenye programu ya kurekodi mazoezi, ilichapisha ramani ya dunia ya njia za watumiaji wake wote zikiwa zimechanganywa. Mijini ilikuwa mng'aro tu. Lakini kwenye jangwa la Syria na milima ya Afghanistan, palipotarajiwa kuwa giza, zilionekana duara ndogo safi: wanajeshi wakikimbia kuzunguka kambi zao. Mwanafunzi mmoja wa Australia ndiye aliyeligundua, Januari 2018.

16. Hii njia ya kuongeza kelele kwenye takwimu, tuitumie?

Wazo lililowekewa msingi wa hisabati mwaka 2006 ni kuongeza namba ndogo za kubahatisha kwa kipimo maalumu, ili kuwepo au kutokuwepo kwa mtu mmoja kusionekane kwenye matokeo. Marekani iliitumia kwenye sensa yake ya 2020 na ikazua ubishi mkubwa, maana vijiji vidogo viliona idadi zisizo zao. Ni kazi ya taasisi yenye wanahisabati. Ofisi ya wilaya ikifuata swali la 13 na la 14 kwa uaminifu imefanya kazi ya kutosha.

## Kutuma

17. Faili ni safi. Nalituma vipi kwa watu wengi?

Tazama kwanza orodha ya wapokeaji, kwa kuwa nayo ni data. Mwaka 2015 kliniki moja ya London ilituma jarida kwa watu 781, wengi wakiwa wanaishi na VVU, anwani zote zikiwa kwenye mstari wa "Kwa" badala ya nakala fiche (BCC). Ndani ya jarida hamkuwa na siri yoyote. Siri ilikuwa kwamba umelipokea.

Nenosiri la faili lisiende kwenye barua pepe ile ile yenye faili. Piga simu ulitaje. Na kundi la WhatsApp la ofisi si masjala: faili linashuka kwenye simu ya kila mwanachama, hata ile ya mtu aliyehama mwaka jana na hakuondolewa kwenye kundi.

18. Naweza kuiomba programu ya akili mnemba inisaidie kuziba majina?

Kulibandika faili kwenye huduma ya nje kumeshakuwa kulitoa. Mwaka 2023 Samsung iliwapiga marufuku wafanyakazi wake kutumia huduma za namna hiyo baada ya baadhi yao kubandika humo msimbo wa kampuni. Programu inayoendeshwa ndani ya kompyuta za ofisi ni jambo jingine, na hata hiyo ikaguliwe na mtu, kwani huruka majina. "Baraka", "Furaha" na "Siku" ni majina ya watu na ni maneno ya kawaida.

19. Mtafiti anataka data kamili, mstari kwa mstari. Tumnyime?

Mwalike aje kwenye data. Ofisi za takwimu za nchi kadhaa zina chumba ambamo mtafiti hufanyia kazi kwenye mashine isiyo na intaneti wala nafasi ya flashi. Anachoondoka nacho ni majedwali ya matokeo tu, yakiwa yameshapimwa na afisa kwa vigezo vya swali la 13. Hata kompyuta moja iliyofungiwa kwenye ofisi ya mkuu wa kitengo inaweza kuwa chumba hicho.

## Likishatokea, na mambo ya pembeni

20. Nimetuma faili lisilotakiwa. Nifanye nini sasa hivi?

Maji yameshamwagika, ila unaweza kuzuia yasisambae. Liondoe lilipo, lifute kwenye kiungo ulichogawa, wapigie simu waliolipokea na uwaombe walifute bila kulifungua na wakuthibitishie kwa maandishi. Usitegemee kitufe cha kurudisha barua pepe: nje ya ofisi yako hakifanyi kazi, na humwamsha mpokeaji akatafute kilichokuwamo.

Mwambie mkuu wako saa hiyo hiyo. Kenya, tukio lenye hatari ya kweli kwa wahusika huripotiwa kwa Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ulipofahamu. Tanzania taarifa hupelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Tunza nakala moja ya kile kilichotoka, mahali salama, maana bila hiyo hutajua nani wa kumwonya. Na hao waonywe, hata kama ni aibu.

21. Mtu ameomba faili lake mwenyewe. Lake si anapewa lote?

Anapewa lake. Faili la mfanyakazi lina malalamiko yaliyoandikwa na jirani yake wa meza, na faili la mtoto kwenye ustawi wa jamii lina jina la aliyetoa taarifa. Wazibe hao kwa njia ya swali la 5. Kisha hakikisha aliyeomba ndiye yeye: kitambulisho mkononi, si picha ya kitambulisho kwenye simu ya shemeji yake.

22. Na aliyekwisha kufariki?

Usiharakishe. Rekodi ya mama aliyefariki kwa VVU ina habari za mume aliye hai na mtoto aliye darasani. Ishughulikie kana kwamba taarifa zilizoombwa ni za hao walio hai.

23. Kompyuta za zamani zinauzwa kwa mnada. Tumezifomati.

Kufomati kwa haraka kunafuta fahirisi tu, kurasa zinabaki. Simson Garfinkel na Abhi Shelat walinunua diski 158 zilizotumika na wakaeleza matokeo yao mwaka 2003: kati ya 129 zilizofanya kazi, 12 tu zilikuwa zimesafishwa ipasavyo. Kwenye zilizobaki walikuta maelfu ya namba za kadi za benki. Kama diski ilisimbwa kwa nenosiri tangu siku ya kwanza, kuiharibu funguo yake kunatosha. Kama haikusimbwa, ing'oe, itoboe, uza mashine bila diski. Fotokopi kubwa ya ofisini nayo mara nyingi ina diski ndani, yenye picha za karatasi zilizopita juu ya kioo chake. Muulize fundi kabla mnunuzi hajaleta gari.